Uhalisia pepe katika mafunzo ya wahudumu wa afya: unafanyaje kazi, na unaweza kusaidia wapi?

Gari la wagonjwa linalotoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kuelekea Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe husafiri zaidi ya kilomita 40. Kabla ya kuingia mjini hupita Kanengo, eneo la viwanda, maghala na mnada wa tumbaku, ambako malori hupanga foleni msimu wa mauzo. Kwa mama ambaye uchungu wake umekwama, safari hiyo ya rufaa inaweza kuyaokoa maisha yake. Kwa mtoto aliyezaliwa bila kupumua, haina maana yoyote. Yeye ana dakika moja hivi, na dakika hiyo huanza na kumalizika palepale alipozaliwa, mikononi mwa mkunga aliye zamu.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu uliofanywa Malawi mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 27 walifariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 439 walipoteza maisha kwa sababu zinazohusiana na ujauzito na uzazi. Sehemu kubwa ya vifo vya namna hiyo huzuilika, tena bila mitambo ya gharama kubwa. Mtoto asiyepumua huhitaji kukaushwa haraka, kusuguliwa mgongo na kufunguliwa njia ya hewa. Akiwa bado kimya, husukumiwa hewa kwa mfuko wa kupumulishia wenye barakoa, ule ambao wauguzi wengi huuita ambu, kwa kasi ya pumzi 40 hivi kwa dakika. Walimu wa ukunga huuita muda huo dakika ya dhahabu.

Hakuna mkunga asiyefundishwa hatua hizo. Tatizo ni kwamba watoto wengi, kwa bahati njema, huzaliwa wakilia. Katika kituo kidogo zinaweza kupita wiki kadhaa kabla ya kumpata yule asiyelia, na mkono uliokaa bila kazi husahau. Ni katika pengo hilo, kati ya kufundishwa na kukumbuka, ndipo teknolojia ya uhalisia pepe inapotafuta nafasi yake.

Uhalisia pepe ni nini?

Neno pepe tumelizoea kutokana na barua pepe: kitu kisichoshikika, kinachosafiri kama upepo. Sisi tunaotafsiri habari tunaweza kulalamika kwamba jina hili linajipinga lenyewe, kwa kuwa lililo halisi ndilo linaloshikika. Tuliache kwanza lalamiko hilo, maana tutalihitaji baadaye.

Mtumiaji huvaa miwani mikubwa inayoyafunika macho yote mawili, asiuone tena ukumbi aliomo. Kila jicho huonyeshwa picha iliyotofautiana kidogo na ya jicho la pili, na ubongo huziunganisha picha hizo kuwa chumba chenye kina, mbali na karibu. Vihisio hufuatilia mwendo wa kichwa. Ukigeuka kushoto, chumba hugeuka. Ukiinama, unakiona kilichoko chini ya kitanda. Picha ikichelewa hata kidogo kuufuata mwendo huo, mtu huhisi kichefuchefu kama aliyekaa kiti cha nyuma cha basi kwenye kona za mlimani. Miwani ya hali ya juu huja na vishikio vya mkononi, ambavyo kwavyo mtu huokota vifaa ndani ya chumba hicho. Ile ya bei nafuu ni kisanduku chenye lenzi ambamo simu ya kawaida huchomekwa. Google ilionyesha kisanduku cha aina hiyo, cha karatasi ngumu, mwaka 2014.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa. Mmarekani Edwin Link alitengeneza mwaka 1929 chombo cha kuwafunza marubani bila kuruka, na mwaka 1960 Asmund Laerdal wa Norway, aliyekuwa mtengenezaji wa vitu vya watoto vya kuchezea, alitoa mwanasesere wa kufundishia namna ya kumpulizia hewa mtu aliyezimia. Miwani ya kompyuta ya kuvaliwa kichwani ilijaribiwa na Ivan Sutherland mwaka 1968. Kilichobadilika ni bei, na simu ambayo leo ina nguvu kuliko kompyuta za enzi hizo.

Katika somo la mtoto mchanga, muuguzi hujikuta katika chumba cha kujifungulia. Mtoto ametoka, halii, na saa inahesabu. Lazima aamue: amkaushe kwanza au akimbilie ambu? Je, ambu ameiandaa kabla, au ndiyo anaitafuta sasa? Akichelewa, rangi ya mtoto hubadilika mbele ya macho yake. Mwishoni programu humweleza alipokosea na sekunde alizopoteza, kisha humruhusu kurudia hata mara kumi, bila mtoto yeyote kudhurika na bila mkuu wa wodi kusimama nyuma yake akitikisa kichwa.

Somo lililotoka Haydom

Kabla ya kuisifu miwani, yafaa tufike Haydom, mkoani Manyara, kaskazini mwa Tanzania. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iko mbali na miji mikubwa, lakini utafiti uliofanyika huko umebadili fikra za wengi kuhusu mafunzo ya wauguzi, na hakuna miwani iliyotumika.

Wahudumu wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Miezi saba baadaye walipimwa kwa mwanasesere, na walifanya vizuri kuliko kabla ya mafunzo. Wengi wangeridhika hapo, wagawe vyeti na kupiga picha ya pamoja. Lakini watafiti walikuwa pia wakifuatilia yanayotendeka katika chumba halisi cha kujifungulia, na huko hawakuona mabadiliko. Ujuzi ulibaki kwa mwanasesere, haukumfikia mtoto.

Hospitali ikabadili utaratibu. Badala ya semina kubwa mara moja, wahudumu walianza kufanya mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, wawili wawili, papo hapo kazini, pamoja na marudio ya dakika 40 kila mwezi yaliyosimamiwa na wenzao. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mwanasesere hakubadilika, wala wauguzi hawakubadilika. Kilichobadilika ni idadi ya mara walizoushika ule mfuko.

Fikra hiyo ilipanuliwa baadaye katika mpango wa Uzazi Salama, uliohusisha vituo 30 katika mikoa mitano ya Tanzania: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida la tiba la New England la Marekani. Katika rekodi za akina mama zaidi ya 280,000, vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo vilikadiriwa kushuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000.

Kwa hiyo swali la kuiuliza teknolojia yoyote mpya ni hili: je, itamfanya muuguzi afanye mazoezi mara nyingi zaidi, au itamvutia siku ya kwanza tu na kisha kufungiwa kabatini?

Jaribio la Busia

Swali hilo lilijaribiwa kwa uangalifu katika kaunti ya Busia, magharibi mwa Kenya, na jijini Lagos, Nigeria. Wauguzi na wakunga 274 walifundishwa kwanza kwa mwanasesere, kisha wakagawanywa kwa nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa miwani na programu ya uhalisia pepe ya kufanyia mazoezi. La pili lilipewa video. La tatu lilibaki na mwongozo wa kidijitali pekee. Walipimwa tena baada ya miezi mitatu na baada ya miezi sita, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021.

Aliyetarajia ushindi mkubwa wa miwani hakuupata. Baada ya miezi sita, waliofaulu mtihani wa kupumulisha kwa mfuko na barakoa walikuwa asilimia 28 katika kundi la miwani, asilimia 25 katika kundi la video na asilimia 22 katika kundi la mwongozo. Kitaalamu, tofauti ndogo kama hiyo inaweza kuwa bahati tu. Dalili ya faida ilijitokeza kwingine. Ukilinganisha na siku walipomaliza mafunzo, kiwango cha ufaulu kilishuka kwa asilimia 15 katika kundi la miwani, 21 katika kundi la video na 27 katika kundi la mwongozo. Kwa maneno mengine, waliovaa miwani pia walisahau, ila walisahau polepole zaidi.

Kwa maoni yangu, tarakimu inayostahili kutukosesha usingizi katika jaribio hili haihusu miwani kabisa. Takriban robo tatu ya wauguzi wa makundi yote, watu waliosomea kazi yao na kufundishwa upya miezi sita tu iliyopita, hawakuupita mtihani wa ustadi mmoja ambao mtoto asiyepumua anauhitaji kuliko mwingine wowote.

Mchango wa Malawi

Msikilizaji wa Lilongwe asidhani kwamba elimu hii yote inatoka nje. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Hospitali Kuu ya Malkia Elizabeth mjini Blantyre, chini ya daktari wa watoto Elizabeth Molyneux na wenzake, iliupanga upya mlango wa kupokelea watoto. Zamani mtoto mwenye degedege aliweza kukaa kwenye foleni nyuma ya mtoto mwenye mafua, kwa sababu tu mafua yaliwahi kufika asubuhi. Wahudumu walifundishwa kuwatenga wagonjwa kwa uzito wa hali zao na kuanza matibabu ya dharura papo hapo. Vifo vya watoto waliolazwa, vilivyokuwa kati ya asilimia 10 na 18, vilishuka hadi kati ya asilimia 6 na 8, kama ilivyoripotiwa katika jarida la Shirika la Afya Duniani mwaka 2006. Uzoefu huo wa Blantyre ulisaidia kuyasambaza mafunzo ya dharura za watoto katika nchi nyingine nyingi.

Mafunzo ya aina hiyohiyo, kwa jinsi yalivyokuzwa Kenya, ndiyo yaliyotiwa baadaye katika mradi wa Chuo Kikuu cha Oxford na taasisi ya KEMRI-Wellcome Trust ya Kenya, unaofahamika kwa jina la LIFE. Humo mhudumu huingia katika hospitali ya picha za pande tatu, kwa simu yake au kwa miwani, na kutakiwa kumhudumia mtoto mahututi hatua kwa hatua huku muda ukihesabiwa. Programu ya simu inaweza kutumiwa na mtu aliyeketi nyumbani usiku, baada ya zamu. Faida hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu kumtoa muuguzi mmoja kituoni kwa semina ya siku tatu mara nyingi maana yake ni kumwachia mwenzake wodi nzima.

Katika upasuaji ushahidi ni wa zamani zaidi. Mwaka 2002 madaktari 16 waliokuwa mafunzoni Marekani waligawanywa makundi mawili kabla ya kushiriki upasuaji wa kuondoa mfuko wa nyongo. Waliofanya mazoezi kwa kompyuta walimaliza kwa muda pungufu kwa asilimia 29, na wale ambao hawakuyafanya walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kuujeruhi mfuko huo au kuunguza sehemu isiyohusika. Jirani yetu Zambia imejaribu mazoezi ya uhalisia pepe mjini Lusaka kwa ajili ya upasuaji wa saratani ya mlango wa kizazi. Malawi, ambako upasuaji mwingi wa uzazi katika hospitali za wilaya hufanywa na maafisa tabibu badala ya madaktari bingwa, ina sababu ya kuyatazama majaribio hayo kwa makini.

Kisichoweza kufanywa na miwani

Sasa turudi kwenye lile lalamiko kuhusu jina. Barakoa ya ambu lazima ikae sawasawa juu ya pua na mdomo wa mtoto. Ikiinuka kidogo upande mmoja, hewa hutoroka na kifua hakipandi. Ustadi huo umo vidoleni: kidole gumba na cha shahada hukandamiza barakoa, vingine huinua taya. Miwani humwonyesha muuguzi kifua kisichopanda, lakini haimpi vidoleni ile hali ya hewa inayovuja. Kwa hilo mwanasesere wa plastiki, anayejazwa maji ili awe na uzito wa mtoto, bado anaishinda kompyuta. Miwani hufundisha vizuri mpangilio, yaani nini kianze, nini kifuate, na lini kuita msaada. Mkono hufunzwa na kinachoshikika.

Kuna pia masuala ya kawaida ambayo watangazaji wa teknolojia hupenda kuyapita haraka. Miwani inayojitegemea ya Quest 2 ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2020 kwa dola 299, kabla ya kusafirishwa na kutozwa kodi, na betri yake hudumu saa mbili hadi tatu. Kuichaji kunahitaji umeme. Januari 2022 mvua za kimbunga Ana zilipobomoa bwawa la Kapichira, Malawi ilipoteza kwa pigo moja takriban megawati 130, karibu theluthi ya umeme wake. Miwani inayopita usoni kwa watu ishirini kwa siku lazima isafishwe kila mara, jambo ambalo wodi iliyopitia UVIKO-19 haihitaji kukumbushwa. Na mazoezi yawe bora namna gani, hayaleti oksijeni mahali ambapo mtungi ni mtupu.

Mama wa kuigiza anazungumza lugha gani?

Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikapangiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 50,000, wengi wakitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wengine Burundi na Rwanda. Kituo chake cha afya huwahudumia pia Wamalawi wa vijiji jirani. Elimu ya uuguzi Malawi hutolewa kwa Kiingereza, na lugha ya wodini aghalabu ni Kichewa. Lugha inayowaunganisha wakimbizi wengi ni Kiswahili, hata kama Kiswahili cha Uvira au Lubumbashi si kile cha Unguja.

Kwa mtoto asiyelia, lugha si kikwazo kikubwa. Ukimya wake unaeleweka kwa kila mtu. Kwa mama ni tofauti. Kifafa cha mimba hutanguliwa mara nyingi na maumivu makali ya kichwa, kuona vimulimuli na maumivu ya juu ya tumbo, upande wa kulia. Shinikizo la damu hupimwa kwa mashine, lakini vimulimuli havina mashine. Ni mama mwenyewe atakayevisema, na asiposikika vizuri, au akisikika kupitia kwa mtoto wake wa miaka kumi anayeona haya kutamka mambo ya uzazi, dalili hupotea kabla ya kufika kwenye faili.

Hapa ndipo uhalisia pepe ungeweza kuifanya kazi ambayo mwanasesere hawezi, kwa sababu mwanasesere hasemi. Mgonjwa wa kuigiza anaweza kulalamika kwa Kiswahili huku muuguzi wa Malawi akijifunza maswali machache ya lazima: kichwa kinauma tangu lini, macho yanaona nini, damu imeloanisha vitambaa vingapi. Anaweza pia kuzoeshwa kufanya kazi na mkalimani, kumtazama mama badala ya mkalimani, kuuliza jambo moja kwa wakati, na kumtaka mama arudie kwa maneno yake alichokielewa. Programu nyingi za aina hii hutengenezwa kwanza kwa Kiingereza, na tafsiri huachwa mwisho, pale bajeti inapokuwa imekwisha.

Mkimbizi aliyesomea uuguzi Kongo au Burundi angeonekana kuwa suluhisho la moja kwa moja. Lakini amesoma kwa Kifaransa, anahitaji kusajiliwa na baraza la wauguzi na wakunga la nchi, na Malawi iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 kwa masharti yanayoibana haki yao ya kuajiriwa. Mazoezi ya kompyuta yangeweza kumsaidia asiupoteze ustadi wake anaposubiri. Leseni hayawezi kumpa.

Kubadilisha chumba chote cha uhalisia pepe, kitanda, taa na vifaa, ni kazi ghali ya wachoraji na wahandisi. Sauti ni jambo jingine. Maneno ya mama wa kuigiza hurekodiwa mara moja na kutumika katika kila miwani na kila simu. Kwa somo moja la kifafa cha mimba ni sentensi chache, zinazohitaji mkunga wa kuzihakiki na mtu anayezimudu lugha mbili wa kuzisema. Watu wa namna hiyo Dzaleka hawakosekani.